Jina Lililoitwa Kule Bunda

Bunda
10 Machi 1986

Ndugu Jeska,

Salaam. Mimi ni Stanislausi Burito, muuguzi wa hapa Bunda. Pengine umenisahau, lakini ndimi niliyempokea mtoto wako Boke aliporudi kutoka Ujerumani kupasuliwa moyo, miaka mitano iliyopita, akiwa bado wa kubebwa mgongoni.

Nimepata habari kutoka kwa daktari wake. Mwezi wa Septemba atafika hapa Bunda na mashine ya kupiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Haikati wala haichomi, na inaonyesha moyo ukiwa unapiga. Kwa hiyo ile eksirei tuliyokuwa tunaisubiri tuachane nayo. Filamu hakuna hapa wala huko Musoma, na hata zikipatikana hazitaonyesha anachokitafuta daktari.

Anachokitafuta ni mrija. Niruhusu nikueleze wazi, maana nadhani siku ile mliambiwa mengi kwa haraka. Kasoro aliyozaliwa nayo mtoto hawakuimaliza. Alikuwa mdogo mno. Walimwekea mrija mwembamba wa kupeleka damu kwenye mapafu, akue kidogo, halafu apasuliwe mara ya pili na tundu la moyo lizibwe. Sasa mrija haukui, mtoto anakua. Picha ndiyo itakayosema kama mrija bado unapitisha damu na kama wakati wa kumpeleka umefika. Akipelekwa kwa wakati wake atapona. Akicheleweshwa moyo unachoka, na moyo ukishachoka hakuna atakayethubutu kuufungua.

Daktari atakaa siku moja tu, tarehe 16 Septemba, na watoto ni wengi. Nitawaita kwa majina kama walivyoandikwa kule Ujerumani: wako ni Boke Masatu. Tafadhali asikose.

Wako katika kazi,
Stanislausi Burito


Iringo, Musoma
2 Agosti 1986

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wa mjini hatujambo, tunasukuma siku. Kiwanda kimefunguliwa tena, vipuri vimekuja, mashine zinalia kutwa. Ukipita hapa Iringo utadhani ni sikukuu: sabuni zimepangwa mpaka dirishani, hakuna foleni, hakuna kibali, mwenye nacho anachukua. Sisi tusionacho tunanusa. Nimekutumia vipande viwili na sukari kidogo kwa huyu dereva. Usiigawe sukari kwa mji mzima, nakujua!

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 16 Septemba umpeleke mtoto Bunda, kwa nesi Stanislausi, akapigwe picha ya moyo. Usiogope, na yeye asiogope. Amepona kabisa. Hata hao madaktari wanajua amepona, wanataka tu kuangalia kazi yao, kama fundi anayerudi kulitazama paa alilojenga. Malori ya pamba yatakuwa yanapita kila siku, mdandie mojawapo. Ningekuja mwenyewe ila meneja ametangaza kwamba atakayekosa zamu mwezi huo ajihesabu hana kazi. Wanatafuta pa kuanzia kupunguza watu, nami sitaki waanzie kwangu.

Nasikia Mwalimu Silasi amehamishiwa Suguti, na sasa anayekusomea na kukuandikia ni mtoto mwenyewe. Haya Dada, wewe unayesoma hapo, hongera! Darasa la pili unasoma barua za wakubwa! Mwambie Bibi akuvalishe ile sweta ya kijani niliyokufumia, maana juu ya lori kuna baridi. Na ukijibu andika jina lako chini, usiandike "mwandishi" kama mara ile. Jina nililokupa ni zuri, si la kuficha.

Binti yako,
Jeska


Butiama
24 Septemba 1986

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo Mama. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kuwa tulikwenda Bunda.

Bibi anasema niandike hivi: Tulikwenda, tumerudi salama, mtoto ni mzima, sukari imefika. Amesema inatosha.

Sasa naandika yangu mimi mwenyewe. Tulipanda juu ya pamba. Pamba ni laini lakini inawasha. Kule hospitali kulikuwa na watoto wengi na benchi refu. Kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia kitu kinalia shuu shuu. Mtoto mmoja alitoka akasema ameona moyo wake kwenye sinema. Tulikaa sana. Bibi alininunulia andazi, yeye hakula. Halafu tukarudi. Njiani Bibi alinishika mkono mpaka nyumbani.

Shuleni mwalimu amenikataza mchakamchaka kwa sababu nikikimbia midomo yangu inakuwa kama nimekula zambarau. Wenzangu wananicheka. Mimi nakaa namlindia mwalimu baiskeli.

Wewe unaniita Dada na Bibi ananiita Mama, mpaka wageni wanauliza mimi ni nani wa nani. Jina nilitaka kuandika lakini Bibi amesema nisiandike. Nikauliza kwa nini, akasema andika mwanao.

Mwanao


Iringo, Musoma
15 Oktoba 1986

Kwa Bwana Stanislausi,

Asante kwa kunipokelea wangu tarehe 16. Naomba unijulishe picha ilisemaje, na kama atapelekwa ni lini. Mtoto ameniandikia mengi ya pamba na andazi, ya picha hakuna. Mama yangu naye ni mtu wa maneno machache akitaka. Tena mtoto amesema midomo inageuka rangi akikimbia, na tangu nisome hilo neno sili nikashiba. Usinifiche, niambie kama lilivyo.

Jeska Magige


Bunda
3 Novemba 1986

Dada Jeska,

Barua yako imenishtua. Mtoto wako hakupigwa picha. Niliandika mbele ya jina lake kwamba hakuja, na nikakulaumu moyoni, Mungu anisamehe.

Nimekaa nikafikiri sana kabla ya kukujibu. Siku ile niliita Boke Masatu mara tatu, tena nilitoka mlangoni nikaita kwa sauti. Hakuitika mtu. Lakini alikuwepo bibi mmoja mrefu na mtoto wa kike mwenye sweta ya kijani, walikaa mwisho wa benchi tangu asubuhi mpaka daktari anafunga mashine. Nilimfuata nikamwuliza, "Mama, huyu siyo Boke?" Akaniangalia usoni akasema, "Huyu ni Wegesa." Nikamwambia Wegesa hayumo kwa hawa walioandikwa. Akasema, "Najua," akamwinua mtoto wakaondoka.

Sijui nikuambie nini. Daktari hatarudi mpaka Septemba ijayo, na mashine kama ile hatuna sisi wala majirani zetu.

Stanislausi


Iringo, Musoma
10 Novemba 1986

Baba Katekista Rafaeli, Tumsifu Yesu Kristo. Nakuomba barua hii umsomee mama yangu wewe mwenyewe, mtoto akiwa shuleni, halafu uichome moto.

Mama,

Shikamoo. Nani Wegesa?

Sweta ya kijani nimeifuma kwa mikono yangu. Ulikuwa pale, Mama! Uliitwa mara tatu, nesi akakufuata mpaka ulipokaa, ukamwambia huyu si Boke. Umemkana mtoto wangu mbele ya mtu aliyekuja na mashine kutoka Ulaya, ukashika njia ukarudi, ukaniandikia "tumerudi salama". Salama gani?

Sasa sikiliza niliyokuficha. Hajapona. Walimwekea mrija tu wa kumvusha miaka michache, na ile picha ndiyo ilikuwa ya kusema kama mrija umekuwa mdogo. Ukishakuwa mdogo na yeye asipelekwe, atakufa, Mama. Ndiyo maana midomo inageuka. Sikuandika hivyo kwa sababu anayekusomea barua ni yeye. Ningeandikaje? Nimwandikie mtoto wa miaka minane akusomee kwa sauti kwamba anakufa? Ndiyo nikaandika amepona, nikatia na utani wa paa. Nilijua utakwenda tu, kwa vile nimesema uende. Hujawahi kuniangusha.

Nilimwita Boke kwa ajili ya marehemu dada yangu. Kama umembadilisha jina, hukunipa hata nafasi ya kukukatalia.

Jeska


Butiama
21 Novemba 1986

Mwanangu Jeska,

Marahaba. Rafaeli anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asiongeze maneno ya kanisa.

Unaniuliza nani Wegesa. Wegesa ni mama yangu aliyenizaa, na ndiye huyo mtoto wako. Ulipotuletea mtoto kutoka kwa hao Wajerumani alikuwaga analia kutwa. Kidonda kimefunga vizuri, lakini maziwa hataki, uji hataki, mtoto anakwisha huku tunamwangalia. Wewe ulirudi kiwandani. Sikulaumu, ulikwenda kututafutia. Lakini aliyebaki naye mikononi ni nani? Ndipo wazee wakaja tukamtajia majina ya watu wetu waliotangulia, moja moja, kibuyu cha maziwa kiko hapo. Kila jina analia. Lilipofika la mama yangu akanyamaza, akanywa. Wote waliona. Tangu siku hiyo akaanza kunenepa. Wewe ungefanyaje?

Na mtoto akishabadilishwa, jina la kwanza haliitwi tena nyumbani. Ugonjwa unalijua lile. Linaitwa, mtoto anaitika, basi umeuonyesha mlango. Sikukuambia kwa sababu jina la dada yako ulimpa huku unalia, nikaona tutagombana, na wewe mwenyewe humwiti, unasema Dada, Dada. Lakini Boke wetu nilimzika mimi, Jeska. Ulikuwa mdogo. Hujui alivyokuwaga anahema yule mtoto mwaka wake wa mwisho. Huyu wako naye nilipompokea alikuwa anahema vilevile.

Pale Bunda nilisikia. Masikio yangu hayajafa. Mtoto hakujua ni yeye anayeitwa, mimi nilijua, nikakaa. Nilijibana kwenye benchi mpaka mifupa ikauma. Nilikaa kwa sababu ya barua yako. Mtoto alinisomea mara mbili, tena anacheka: amepona kabisa. Basi kama amepona, nimrudishe kwenye jina la ugonjwa kwa ajili ya watu kuja kulitazama paa lao? Ungeniambia ukweli ningeitika hata angeitwa kwa jina la Shetani mwenyewe. Ulimwonea huruma mtoto, mimi ukaniacha gizani. Mimi nilimwonea huruma mtoto, wewe nikakuacha gizani. Sasa nani amkamate mwenzake?

Mwaka ujao nitamleta. Waite wanavyotaka kuita. Nitaitika mimi, huo ugonjwa ukija unikute mimi mbele.

Mama yako,
Dafroza

Jeska, neno la Shetani nimemsihi tuliache, amekataa katakata. Amelia sana baada ya kusema. Barua yako nimeichoma. Rafaeli.


Bunda
14 Desemba 1987

Dada Jeska,

Nimekaa na habari hii tangu juzi. Nilitaka kupanda gari nije Musoma nikuambie kwa mdomo, dizeli ikakosekana, na nimeona si haki niendelee kukaa nayo peke yangu.

Daktari alichukua kanda ya ile picha ya Septemba hii mlipomleta mtoto, akaitazama na wenzake wanaopasua. Mrija umeziba karibu wote. Mishipa ya mapafu imebaki midogo, na moyo wenyewe upande wa kulia umenenepa ukawa mgumu. Wamesema hawatampasua. Wanaona hataamka mezani. Wamesikitika, nami nakuandikia nikisikitika, ingawa najua masikitiko yetu hayakusaidii.

Siku ile uliniuliza pale nje kama mwaka uliopita wangekuta hali nyingine. Nikajifanya naitwa ndani. Nakujibu sasa. Picha ya mwaka uliopita hatuna, kwa hiyo cha kulinganisha hakuna. Nilimwuliza daktari. Naye hajui. Kwa mashine hii tumeona moyo wake mara moja tu, na mara hiyo ulikuwa umeshafika ulipofika. Najua ungependa mtu akuambie ndiyo au hapana. Mimi pia ningependa, maana ni mimi niliyemfuata yule bibi kwenye benchi nikamwacha aondoke.

Apumzike. Asibebe maji wala kuni. Akitembea akachoka akachuchumaa, mwacheni achuchumae mpaka ainuke mwenyewe, ndivyo mwili unavyojisaidia. Kama unaweza kuwa karibu naye, nenda usichelewe.

Kuhusu mama yako, sijui kama uliona, ulikuwa unamvua mtoto sweta. Nilipoita Boke Masatu aliitika yeye kabla yenu wote, "Yupo! Huyu hapa!" mpaka daktari akachungulia kwenye pazia na watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake. Alikuwa amejiweka mbele ya mtoto kabisa, ikabidi nimzunguke ndiyo nimpate mgonjwa. Usimlaumu sana.

Stanislausi Burito


Butiama
7 Februari 1988

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo Mama. Mimi sijambo kidogo. Dhumuni la barua hii ni kukuambia uje upesi kama ulivyosema. Baba Rafaeli ametuambia kiwanda kimekupunguza na sasa utakuja kukaa na sisi moja kwa moja. Wewe umesikitika lakini mimi nimefurahi, usikasirike.

Barua yako ya mwisho Bibi hakunipa nisome. Baba Rafaeli alimsomea kule zizini, mimi nikaambiwa nikae na kuku. Kwa nini, Mama? Mimi nasoma vizuri kuliko Baba Rafaeli, yeye anakwama kwenye maneno marefu. Walikaa huko mpaka ng'ombe wakarudi. Bibi alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi, lakini zizini hakuna moto.

Siku hizi sichoti maji na shule siendi, ni mbali. Mwalimu alikuja na baiskeli akaniletea daftari. Maziwa nakunywa yote. Nikitoka kwenda chooni nachuchumaa mara mbili, na Bibi anachuchumaa na mimi, tunakuwa kama tunatafuta kitu kilichoanguka. Nacheka, halafu nakohoa.

Ile sinema ya moyo wangu naikumbuka kila siku. Ulikuwa unafungua na kufunga, unafungua na kufunga, kama mdomo wa samaki furu akitolewa majini. Wewe ulikuwa unaangalia ukuta, hukuona. Daktari akija tena umwombe picha moja niibandike ukutani.

Sasa Mama kuna jambo. Kila jioni Bibi ananikalisha na kikombe cha maziwa ananitajia majina ya watu wa zamani, moja moja. Ananitazama usoni. Anasema tunatafuta jina jipya, Boke ugonjwa unalijua na Wegesa nalo sasa unalijua kwa sababu yule nesi aliambiwa. Ametaja wote anaowajua, akaenda kwa jirani kuuliza wengine. Mimi silii kwenye jina lolote wala sinyamazi, mimi nasikiliza tu, basi hajui achukue lipi. Jana alisema nichague mwenyewe. Nikachagua Jeska. Akasema la mtu aliye hai halichukuliwi.

Nikamwambia Bibi, basi tuache kutafuta, nimechoka. Nitabaki nayo yote mawili. Ukiita wewe Bibi nitaitika, akiita Mama nitaitika, na wakiita watu wa Bunda nitaitika mimi mwenyewe, kwa sababu sasa nalijua. Bibi akayanywa yale maziwa yeye, kidogo, akanirudishia kikombe. Hajataja majina tena.

Uje na sabuni na penseli. Leo Bibi hajanikataza kuandika jina.

Mwanao,
Boke Wegesa